Maagizo Yasiyofika Lupingu

Wanaume walikuwa wamerudi kutoka makaburini, na sisi wanawake tulikuwa tumekaa kwenye mikeka uani, pale Makambako, tukisubiri pilau iive, wakati kipaza sauti kilipompa nafasi mtu wa kusema machache kuhusu marehemu. Niliitambua sauti kabla hajataja jina lake. Ilikuwa ya Bwana Mgaya, aliyekuwa meneja wetu miaka ile. Imepungua nguvu, imepata mkwaruzo wa uzee, lakini bado ina ule utulivu wa mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali akalazimika kulijibu. Alisema marehemu Zena alikuwa binti hodari, mwaminifu, mwenye adabu, na kwamba kampuni ilisikitika sana alipoamua kuacha kazi kwa hiari yake ili ajiendeleze kibiashara. Kwa hiari yake! Mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele wa sufuria ya pili karibu yangu aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ni nani anayesema vizuri hivi?" Nikamjibu, "Ndiye aliyemfukuza." Akaniangalia, akaangalia mlango wa ukumbi walimokuwa wameketi watoto wa Zena, akarudi kwenye mchele wake. Ni desturi yetu kutomsema mtu vibaya msibani. Lakini sijui desturi inayomruhusu mtu kudanganya juu ya maiti na sisi wengine tukaitikia amina. Ndiyo maana nauandika mwaka ule. Nimenyamaza vya kutosha.

Ulikuwa mwaka ambao kila kitu kilikuwa kinauzwa. Maghala yaliyokuwa ya serikali yalibadilishwa rangi, mabango mapya yakapigiliwa misumari juu ya yale ya zamani, na watu waliofanya kazi humo tangu ujana wao walionekana stendi wakiwa na mabegi na barua za kupunguzwa kazi. Simu za mkononi tulizisikia kwa wasafiri wa Dar tu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea kompyuta, na nikaajiriwa na kampuni binafsi ya kusambaza dawa ambayo ofisi yake kuu ilikuwa Njombe na ghala lake Makambako. Sitaitaja kwa jina; ilikufa zamani, na wenyewe walishahamia biashara nyingine. Nilipangiwa Makambako kutunza mashine. Mashine zenyewe zilikuwa chache: kompyuta kubwa moja iliyowekwa juu ya meza ya mbao, nyingine ndogo ya kuchapia, modemu iliyolia kama paka aliyekanyagwa kila ilipopiga simu Njombe, na redio kol ya kuzungumzia na zahanati na vituo vya afya kutoka Makete mpaka ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Chumba chetu kilikuwa sehemu ya ghala iliyotengwa kwa mbao nyembamba. Upande mmoja tuliona rundo la katoni kupitia dirisha la wavu. Upande wa pili, nyuma ya mbao, ndiko Bwana Mgaya alikojitengea ofisi ya kufikia kila alipokuja kutoka Njombe. Kulinuka spiriti, karatasi mpya na mkaa, kwa sababu tuliwasha jiko dogo miguuni mwetu kuanzia asubuhi. Wasiojua Makambako hudhani kwa kuwa ni mji wa magari basi ni mji wa joto. Upepo wa pale hupenya sweta, ukaingia mfupani. Zena, mwenzangu wa chumba kile, alivaa koti la kaka yake juu ya baibui na glavu alizozikata vidole ili aweze kuchapa. Siku ya kwanza alinisalimia, "Kamwene," kwa Kibena cha kujifunzia sokoni, maana wao walikuwa watu wa kuja, na mimi niliyezaliwa kwenye lugha hiyo nikacheka. "Usinicheke, Tumaini," akasema. "Ninyi mnaosali kwa Walutheri mnapenda kusalimiwa kwanza, ndipo mnatoa kiti." Tangu siku hiyo tulikula pamoja. Mimi nilileta viazi vya kuchemsha na maziwa ya mgando kwenye chupa, yeye chapati na maharage yenye nazi iliyoletwa na malori ya pwani. Mchana tulivuta viti karibu na jiko, tukaiacha redio ikiwa imewashwa, tukala huku tukisikiliza sauti za watu ambao hatukuwahi kuwaona nyuso.

Kazi ya Zena ilikuwa hii. Zahanati ziliita kwa redio, zikasema zinahitaji nini: kwinini, drip, sindano, nyuzi za kushonea. Zena aliandika, kisha akaingiza kwenye kompyuta. Ijumaa jioni maagizo yote ya wiki yalitakiwa yafike Njombe kwa simu, Bwana Mgaya ayaidhinishe, kisha Jumatatu ghala lifungashe na malori yaondoke. Kuyapeleka Njombe kulifanywa na skripti iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl. Kwa asiyejua, skripti ni maelekezo tu ambayo kompyuta huyafuata mstari kwa mstari: chukua faili la maagizo ya wiki hii, linakili kwenye folda ya kutoka, libandike tarehe ya leo, piga simu Njombe, lipeleke. Aliyeiandika alikuwa mtaalamu kutoka Dar aliyeitwa Deo, kijana wa viatu vinavyong'aa, mwenye mkataba wa kuunganisha matawi yote ya kampuni. Mwanzoni Zena mwenyewe ndiye aliyeiendesha. Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi aliandika jina la skripti, akabonyeza kitufe, akasubiri modemu ilie, akavaa viatu. Haikukosea hata mara moja.

Kisha Deo akaja na habari kwamba mambo ya kubonyeza yamepitwa na wakati. Aliweka saa ndani ya kompyuta ili skripti ijiendeshe yenyewe baada ya sisi kuondoka. "Sasa hamhitajiki," alisema, akicheka, nasi tukacheka naye. Akabadilisha nenosiri la mashine, akaniambia skripti naweza kuisoma lakini nisithubutu kuigusa, kwa sababu ikiharibika dhamana yake inakufa. Akapanda gari, akaondoka.

Haukupita muda mrefu kituo cha afya cha Matamba, kule Makete, kikaita. Mganga wa pale alikuwa mtu wa utani, akasema, "Makambako, mmetupenda kupita kiasi. Katoni zile zile mmetuletea tena, ova." "Ova" ndilo neno la redioni la kumwachia mwenzako zamu. Zena alidhani ni kosa la wapakiaji. Wiki iliyofuata Matamba wakapata tena mzigo ule ule, wakaurudisha kwa lori lile lile, wala utani haukuwepo tena. Na katika wiki hizo hizo ikaanza sauti ya Lupingu, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Nesi wa Lupingu aliitwa Mama Haule. Alikuwa akiita asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuruga masafa, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuokoa muda. "Makambako, Lupingu anaita. Kwinini ya kuchoma na drip. Niliagiza wiki iliyopita, naagiza tena, ova." Zena akajibu, "Lupingu, nimepokea, nilituma na natuma tena, ova." Na alituma. Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nilimwona akiandika.

Wiki ikapita, Lupingu hakuna kitu. Mama Haule akaita tena. Safari hii hakusalimia. "Makambako, mvua imekwisha, mbu wamejaa, nina wagonjwa sakafuni. Mnanisikia au hamnisikii? Ova." Zena alimjibu kwamba anamsikia na kwamba ametuma. Alipokiweka chini kipaza cha redio aligeuka kwangu, akasema, "Tumaini, hii mashine inakula maneno yangu." Nikaijaribu skripti hapo hapo. Nikaandika jina lake, nikabonyeza, modemu ikalia, Njombe wakathibitisha kwamba faili limefika, tena sahihi. Nikampa Zena ajaribu kwa mkono wake: sahihi. Kwa kuwa yalikuwa majaribio tu, Njombe wakayafuta, nami nikayafuta kwenye folda ya kutoka, wote tukisubiri faili la Ijumaa. Tulipopiga simu kumweleza Deo, alisema, "Si mmeona wenyewe? Mashine iko salama. Angalieni anayechapa." Kila tulipoijaribu kwa mkono ilitii, na kwa kutii kwake ikazidi kumtia Zena hatiani.

Mke wa mwalimu mkuu wa Lupingu alifariki kwa malaria, akiwa na mimba kubwa, wakati boti ikiwa imekwenda kutafuta kwinini bandari nyingine. Tulisikia kwenye redio kama tulivyosikia mambo yote, tukiwa na sahani mapajani. Mama Haule hakupiga kelele. Alitaja jina la marehemu, akasema, "Makambako, sina agizo leo, ova," akazima. Zena alisukuma chakula chake pembeni. Hakula tena ofisini tangu siku hiyo.

Bwana Mgaya alikuja na watu wawili wa ofisi kuu, wakajiita kamati. Walimkalisha Zena upande wa pili wa mbao tangu asubuhi hadi alasiri. Nilisikia kila neno, maana mbao zile hazikuzuia hata kikohozi. Walimuuliza baba yake ana malori mangapi. Walimuuliza shemeji yake mwenye duka la dawa Mafinga ananunua wapi mzigo. Hawakumuuliza hata swali moja juu ya kompyuta. Mmoja wao akasema, "Binti, wenzako wa hapa Makambako biashara iko damuni, tunaelewa. Sema tu ulimpa nani dawa za Lupingu." Zena akasema, "Dawa za Lupingu hazikutoka ghalani, mzee. Zihesabuni, ziko pale." Na zilikuwepo kweli! Katoni za kwinini zilikuwa zimekaa nyuma ya dirisha la wavu, hatua chache kutoka kwao, zikisubiri idhini ambayo haikuja. Niliingia bila kubisha hodi nikawaambia hivyo. Bwana Mgaya alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyeingia kanisani na mbuzi. "Tumaini, hujaitwa," akasema. Jioni ile Zena alisimamishwa kazi. Alivua glavu zake, akaziweka mezani, akaondoka akipita katikati ya wapakiaji ambao walikuwa wakimwita dada asubuhi na sasa waligeuza nyuso.

Nimekuwa nikijiuliza, katika umri huu wa kuwa na wajukuu, kwa nini hasira ya siku ile haijapoa wakati nyingine zimepoa. Nimedhulumiwa mambo makubwa zaidi tangu hapo. Nadhani ni kwa sababu nilimwona mtu mwerevu akikosa neno la kujitetea. Zena alijua alifanya kazi yake, lakini hakujua ni nini kilichoiharibu, na waliomhukumu hawakutaka kujua. Mtu akikushtaki kwa wizi unaweza kuonyesha mifuko yako. Sasa utaonyesha nini ukishtakiwa kwa jambo lililotokea ndani ya sanduku la chuma wewe ukiwa umeshakwenda nyumbani kusali magharibi?

Asubuhi iliyofuata niliwasha jiko peke yangu, nikaisoma skripti ya Deo kuanzia mstari wa kwanza. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, lakini hapo awali niliisoma kama mtu anayetafuta kosa la kuchapa. Sasa nilijiuliza swali jingine: kuna tofauti gani kati ya mkono wa Zena na saa ya Deo? Skripti ni ile ile, faili ni lile lile, mashine ni ile ile. Kilichobadilika ni aliyeiita tu. Nikanakili skripti kwenye eneo langu mwenyewe, mahali ambapo sikuhitaji nenosiri la Deo, nikaondoa sehemu ya kupiga simu, nikaongeza maneno machache ya kuifanya iseme kila inachokiona. Nikaiendesha kwa mkono: safi. Kisha nikaiwekea saa yangu mwenyewe, ijiendeshe baada ya dakika chache, nikakaa mikono nimeiweka juu ya jiko nikisubiri.

Ilipomaliza nilifungua ilichoandika, na pale ndipo mambo yaliponifunukia. Kompyuta ya namna ile ina vitu tulivyofundishwa kuviita variabo za mazingira. Ni majina ambayo mashine huyakumbuka kwa niaba yako ukiingia: wewe ni nani, nyumba yako iko wapi, vitu vyako vimewekwa folda gani. Deo alikuwa ametunga jina moja lake, akalipa maana ya folda ya maagizo, na skripti yake yote ikalitegemea. Zena alipoingia asubuhi kwa jina lake, mashine ilisoma faili la kumkaribisha, ikalijua jina hilo. Lakini saa haiingii kama mtu. Saa huamka na majina manne matano tu, haisomi faili la kumkaribisha mtu yeyote. Kwa hiyo Ijumaa jioni skripti iliuliza, "Folda ya maagizo iko wapi?" na jibu likawa tupu. Ikaenda kutafuta maagizo mahali ambapo hapakuwa na kitu. Amri ya kunakili ikashindwa. Na Deo, huyu mtaalamu wa viatu vinavyong'aa, hakuandika yale maneno machache ambayo mwalimu wetu alitufundisha mwezi wa kwanza: ukishindwa kunakili, simama, useme umeshindwa na kwa nini. Skripti yake haikusimama. Iliendelea na mstari uliofuata, ikachukua faili la zamani lililobaki kwenye folda ya kutoka, ikalibandika tarehe mpya, ikapiga simu Njombe, ikalipeleka, kisha ikaandika kwa furaha kwamba kazi imekamilika.

Ndiyo maana Matamba walipata mzigo wao tena na tena; agizo lao ndilo pekee lililokuwa kwenye faili la mwisho kutumwa kwa mkono, na vituo vingine vilikuwa bado na akiba, havikuagiza wiki hizo. Ndiyo maana kila tulipojaribu mchana tuliona mambo sawa. Na huko Njombe Bwana Mgaya alikuwa ametia sahihi karatasi ile ile wiki baada ya wiki, majina yale yale, idadi zile zile, bila kuisoma. Niliongeza maneno yale machache kwenye nakala yangu, nikaiachia saa tena. Safari hii ikasimama pale pale kwenye kunakili, ikaandika: hakuna faili wala folda kama hiyo. Nilisimama nikapiga meza kwa kiganja hadi mpakiaji mmoja akachungulia dirishani. "Kuna nini, dada?" Nikamwambia, "Zena hana kosa." Akasema, "Sisi tulijua," akarudi kwenye katoni zake. Nilitaka kumfuata nimuulize, kama mlijua, mbona jana mligeuza nyuso?

Nilimpigia Bwana Mgaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemwambia mtu mwingine, akasema nisubiri. Siku mbili hazikuisha Deo akafika. Aliketi mbele ya mashine, akaandika nenosiri lake huku amenikinga kwa bega, akaongeza mstari mmoja wa kutaja folda waziwazi. "Kitu kidogo tu," akasema. "Hutokea." Kisha yeye na Bwana Mgaya wakahamia upande wa pili wa mbao, wakaagiza chai na kuku wa kukaanga kutoka hotelini. Walizungumza wakitafuna. Namkumbuka Deo akisema kwamba mkataba wa matawi ya Mbeya na Songea unasainiwa mwezi ujao, na neno la kwamba mfumo umeua mtu likifika huko, kila kitu kitavurugika. Bwana Mgaya akasema, "Nani amesema mfumo? Jambo limeshapata mwenyewe." Deo akauliza, "Na yule binti?" Bwana Mgaya akacheka kidogo, nikamsikia akifyonza mfupa. "Baba yake ana malori. Hatalala njaa." Wakaendelea kula.

Bwana Mgaya alipotoka nilimsimamisha mlangoni, nikamwomba amrudishe Zena na aziambie ukweli zahanati, ambazo zilikwisha kutangaziwa kwamba aliuza dawa. Alinijibu kwa upole, na upole ule ndio unaoniudhi mpaka leo. "Tumaini, mwanangu. Wewe ni wa kwetu, wa Njombe. Tumekuajiri ukiwa huna uzoefu. Mfumo umetengemaa, dawa zitaondoka kesho. Unataka nini tena?" Nikamwambia nataka aseme. "Niseme nini? Kwamba kompyuta ilisahau? Watu watacheka." Akanigonga begani, akaingia kwenye gari.

Lori la Lupingu liliondoka siku iliyofuata na katoni za kwinini, na mimi nikapanda pamoja nazo bila ruhusa ya mtu. Dereva alikuwa mtu mkimya wa kabila la Wapangwa ambaye hakuniuliza kitu mpaka tulipopita Ludewa na barabara ikaanza kujitupa bondeni, ziwa likionekana chini kama anga lililoanguka. "Unakwenda kuwaambia nini wale?" akauliza. Nikasema, "Kilichotokea." Akakata kona kadhaa. "Watakupiga," akasema, kisha akaongeza, "lakini nenda."

Hawakunipiga. Mama Haule alikuwa mwembamba kuliko sauti yake, na nywele zimejaa mvi. Alizipokea katoni, akasaini, akazihesabu, akaziingiza ndani, ndipo akanigeukia. Tuliketi kwenye benchi la wagonjwa. Nilimweleza kila kitu kwa lugha rahisi: aliyechapa alichapa, saa ikaita bila kujua njia, kunakili kukashindwa, mashine ikadanganya kwamba imefanya. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Nilitegemea aniulize juu ya mashine. Akauliza, "Mkubwa wenu amejua tangu lini?" Nikamwambia. Akauliza, "Na bado tunaambiwa ni yule binti aliyeuza?" Nikasema ndiyo. Akaangalia mlango wa wodi. "Siwezi kuapa kwamba dawa ingemponya mke wa mwalimu," akasema. "Alikuja amechelewa. Lakini naapa nilimwangalia nikiwa na mikono mitupu. Na kila asubuhi nilimlaani yule msichana wa kwenye redio. Nilimlaani kwa jina." Alinipikia dagaa na ugali wa muhogo, akanipa kitanda cha wodi.

Asubuhi, saa ambayo vituo vyote huwasha redio, aliniita nikae karibu naye. Alibonyeza kitufe. "Stesheni zote, stesheni zote, Lupingu hapa. Dawa zimefika. Nina jambo lingine. Zena wa Makambako hakuuza dawa zetu. Alituma maagizo yetu yote. Mashine iliyowekewa saa ndiyo haikuyapeleka, ikapeleka ya zamani. Meneja amejua, hajasema. Nasema mimi. Ova." Redio ilikoroma. Kisha ikaja sauti ya Njombe, ile ile yenye utulivu: "Lupingu, tumia masafa kwa mambo ya dawa tu, ova." Mama Haule akabonyeza tena hapo hapo. "Njombe, haya ni mambo ya dawa, ova." Halafu mganga wa Matamba, bila utani: "Lupingu, Matamba nimesikia. Katoni zilizozidi tulizirudisha kila zilipokuja. Poleni kwa msiba. Ova." Na baada yake kituo kimoja cha milimani, na kingine, kila kimoja kikasema kimesikia. Bwana Mgaya hakurudi hewani.

Nilifukuzwa kabla lori halijanirudisha Makambako. Barua ilikuwa imeachwa kwa mlinzi. Zena hakurudishwa kazini. Deo alipata mkataba wake wa Mbeya na Songea. Watu hunitazama wakisubiri niseme kwamba angalau ukweli ulijulikana. Ulijulikana, ndiyo. Mwenye kampuni alisikia, akauliza, akaambiwa limekwisha, akaridhika. Ukweli ulipita kwenye masafa, ukafika kila mahali isipokuwa pale palipokuwa na kalamu ya kusaini.

Nilimfuata Zena dukani kwa baba yake, karibu na reli, walikokuwa wakiuza vipuri. Nilimkuta nyuma ya kaunta akipanga bolti kwenye makopo. Madereva walikuwa wamekwisha kumwambia habari za redio. Hakunikumbatia, hakunishukuru, na sikuwa nimetegemea. Alituma mtu alete chai na chapati, akavuta kipande cha katoni tupu, akanipa kalamu. "Niandikie hilo kosa," akasema. "Nilione." Nikaandika mstari wa Deo wa kunakili kama ulivyokuwa, na chini yake maneno yale machache yaliyokosekana. Akausoma polepole, kidole chake kikifuata herufi. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Alielewa kabla sijaeleza.

"Kwa hiyo kila Ijumaa nilifunga mlango nikijua nimetuma," akasema.

"Ulituma."

"Na yule mama alikuwa ananisikia nikimwambia natuma, halafu haoni kitu. Wiki baada ya wiki." Akakisukuma kile kipande cha katoni mbali naye. Machozi yalimtoka kwa ghafla, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye grisi, likabaki doa jeusi shavuni. "Tumaini, usije ukaniambia niwasamehe."

"Sikuja kwa hilo."

"Maana dada zangu wote wananiambia. Sheikh ameniambia. Na baba."

"Mimi sitakuambia."

Alinitazama kwa muda, akihakikisha. Kisha akasogeza makopo ya bolti, akapangusa kaunta kwa kitambaa, akaweka chapati katikati yetu.

"Basi kaa," akasema. "Zinapoa."